Ukienda Palenque na Kamera, Jipange Kuhojiwa

Wasee wengi wa Nairobi wakidai kujua Kispanishi huanzia kwa simu. Unaweka ile programu, inakufunza kusema paka anakunywa maziwa na tufaha ni jekundu, unapiga wiki kadhaa unajiona uko fiti, halafu siku moja unaskia msee wa Cartagena akibonga na unashuku kama hiyo ni lugha ingine kabisa. Tulia. Sio wewe ndio mzito. Watu wa pwani ya Kolombia humeza herufi. Ile "s" ya mwisho wanaimaliza kabla haijafika kwa meno: "más o menos" inatoka "má o meno", na "pescado", samaki, anabaki "pecao". Juu kule Bogotá, mita 2,640 kutoka usawa wa bahari, watu wanatamka kila kitu wazi na pole pole, na wanakuita "usted" kwa heshima hata kama mko rika moja. Ukitaka Kispanishi cha kuoga na kuvaa tai, kaa huko. Sisi tulishuka pwani, juu stori yenye tulikuwa tunafuata na kamera ilikuwa huko chini, kwa joto.

Na mtu wa Kiswahili ako mbele kiasi, usidanganywe. Kispanishi kina irabu tano, zile zile zetu, na zinasomwa venye tunazisoma. Mmarekani atapigana na hiyo "o" miezi mob. Wewe unaisoma kwa bango la duka na muuzaji anakuelewa saa hiyo hiyo. Ati nomino zina kiume na kike? Msee amekulia na ki-vi, u-i, li-ya, na ile u-u yenye hakuna mtu huikumbuka, hawezi tishwa na makundi mawili. Kenye kitakutoa jasho ni vitenzi. Hapo nitarudi, juu hapo ndio kuna utamu.

San Basilio de Palenque iko kama kilomita 50 kutoka Cartagena, mkoa wa Bolívar. Ni kijiji cha watu elfu chache. Ukiicheki tu na macho ni ocha ya kawaida: vumbi, nguruwe wakizurura, mabuda wamekwama kwa domino chini ya mti, spika moja kubwa mahali inapiga ngoma kutoka mangware. Lakini jina lake ni zito. Cartagena ndio ilikuwa bandari kubwa ya Wahispania ya kushusha Waafrika waliouzwa, na kuna wale walihepa wakaingia msituni, wakajenga kambi zenye uzio wa magogo. Hizo kambi ndio ziliitwa palenque. Benkos Biohó ndiye anakumbukwa kuliko wote. Alisumbua gava ya mkoloni mpaka wakaomba amani, halafu wakamgeuka wakamnyonga Cartagena mwaka 1621. Kambi nyingi zilivunjwa. Hii ilikatalia hapo, na mwaka 1713 Wahispania wakasalimu amri, wakakubali kijiji kijiendeshe. Hesabu mwenyewe: Kolombia yenyewe ilikuja kujitoa kwa Uhispania karibu karne nzima baadaye. UNESCO walitangaza Palenque sehemu ya urithi wa binadamu mwaka 2005, na Benkos sasa amesimama kwa uwanja katikati ya kijiji, sanamu, minyororo imekatika.

Shida ni kwamba na jina kama hilo, kila mtu mwenye kamera amepitia hapo. Maprofesa wamekuja na madaftari, waandishi, watalii, mapadre, wasee wa televisheni. Mwaka 1979 kulitoka kitabu kizima cha picha na maelezo, *Ma Ngombe*, cha Nina de Friedemann na mpiga picha Richard Cross, na kuna wazee wa hapo wanaweza kukuonyesha ni nani yuko kwa picha gani. Halafu kuna stori ya Evaristo Márquez. Huyu alikuwa mchunga ng'ombe wa Palenque, hajawahi igiza maisha yake yote. Gillo Pontecorvo, yule Mwitaliano alifanya *La Battaglia di Algeri*, akamchukua akamweka kwa filamu inaitwa *Queimada*, iliyotoka mwaka 1969, uso kwa uso na Marlon Brando. Marlon Brando, manze! Sasa wewe umetoka Umoja na kakamera kako ka kukodi, unaingia kijiji chenye jirani yao aligawana skrini na Brando, na unafikiria watashtuka?

Hawashtuki. Wanavuta kiti.

Hapo ndio Kispanishi changu kilianza kushika, na hapo ndio niliona kitu chenye hakuna darasa limewahi niambia. Unajua msee akienda kutengeneza dokumentari hujipanga aje: anaandika maswali, anayakariri, anayatamka vizuri mbele ya kioo. Maswali ni rahisi. Swali ni sentensi moja fupi, unaitema, unanyamaza, mwenzako anabonga dakika kumi na wewe unatingisha kichwa. Unaweza kuhoji kijiji kizima na Kispanishi chako kibaki pale pale. Lugha inakuingia siku mambo yamegeuka, wewe ndio unaulizwa, na mtu ametulia anangoja jibu.

Kulikuwa na shosh mmoja, muuza pipi za nazi. Nitamuita tu seño, venye kila mtu pwani humwita mama mwenye heshima zake. Tulikuwa tumeseti kamera kwa veranda yake, maiki imebandikwa kwa kola, kila kitu sawa. Beshte yangu wa sauti akanipea alama ya dole. Nikafungua mdomo. Seño akaniwahi.

"Wewe ni wa nani?"

Sio unatoka wapi. Wa nani. Kijijini hilo ndio swali la kwanza, na majina mawili ya kwa pasipoti hayatoshi. Nikasema mama yangu ni nani, na anafanya nini. Ako hai? Ako. Na baba? Nikasema. Una watoto? Sina. Akanyamaza kidogo hapo, nikaona hajaridhika. Nani alilipa tikiti ya ndege? Filamu itaonyeshwa wapi? Ikiuzwa, doo inaenda kwa nani? Hilo la mwisho aliuliza pole pole, akinikazia macho, na ile taa nyekundu ya kamera inawaka. Beshte yangu alitaka kuzima. Nikamwashiria aache.

Halafu akauliza: kwenu mnazika aje?

Sasa jaribu kuelezea matanga kwa Kispanishi. Anza na venye watu wanakuja kukaa jioni kila siku mpaka siku ya mazishi. Endelea na mchango: kikundi cha simu, mweka hazina, jina lako na kiasi chako vikisomwa mbele ya watu. Eleza kwa nini mwili lazima upelekwe ocha hata kama marehemu alizaliwa Nairobi akakulia Nairobi. Nilikosa maneno, nikazunguka, nikatumia mikono, nikachora kaburi hewani. Yeye ananipea neno moja moja, kama mtu anakuvusha mto jiwe kwa jiwe. "Velorio", kukesha na maiti. "Entierro", mazishi. "Luto", ule msiba wenye unavaliwa. Hayo maneno hayatawahi nitoka. Nikifika mwisho, bila mimi kuuliza kitu, akaanza kubonga kuhusu lumbalú: usiku tisa, akina mama wanaimba na ngoma, marehemu anasindikizwa, na nyimbo zenyewe zina maneno ya zamani yenye hata waimbaji wengine hawawezi kukufafanulia. Alibonga mpaka betri ikaisha. Hiyo ndio sehemu yenye uzito kuliko zote kwa filamu yetu, na ilitokea kwa sababu mimi nililipa kwanza kwa stori ya kwetu.

Baadaye nilikuja kuona sio yeye tu. Ni desturi ya hapo, kama vile kuna kodi ya kuingia. Vijana waliniuliza kuagro yangu ni gani. Kuagro ni rika: watu waliokua pamoja, wavulana na wasichana wa umri mmoja, wakajiunga wakiwa wadogo, na kutoka hapo ni maisha. Mmoja akioa, kuagro iko. Mmoja akifiwa, kuagro inabeba. Mkikosana na kuagro ya upande ule mwingine wa kijiji, mnakosana pamoja. Nikawaambia Kenya kuna makabila yalikuwa yanafanya hivyo, rika likipita jando linapewa jina na linazeeka nalo, lakini mimi mtoto wa mtaa niko tu na mbogi ya base. Wakauliza mbogi inafanya nini mtu akikufa. Nikafikiria. Nikasema inachanga. Basi hiyo ni kuagro, wakasema, wakaendelea na soda zao.

Turudi kwa vitenzi. Kispanishi kina nyakati mbili za jana, na mtu wa dokumentari asipozijua anarudi nyumbani na kadi zimejaa majibu mafupi. Ukimuuliza mzee "¿qué hiciste?", umemuuliza alifanya nini, kitu kimoja, kikaisha. Atakupea jibu moja, likaisha. "Nilienda Barranquilla. Nikapata kazi." Ukimuuliza "¿qué hacías?", umemuuliza alikuwa akifanya nini, siku zile, kila siku. Hapo mlango unafunguka: tulikuwa tukiamka kabla jua, tulikuwa tukibeba maji kutoka kwa mto, mamangu alikuwa akiimba hivi. Hiyo hali ya pili ndio dhahabu ya mahojiano. Sisi wa Kiswahili tunayo kwa mfuko tayari, ile "tulikuwa tukienda", ndio maana nasema tuko mbele. Mwalimu wa darasani atakufunza hii kama jedwali la kukariri. Mzee wa Palenque atakufunza kwa sekunde mbili, juu ukikosea wakati unaona kabisa venye stori inakatika mdomoni mwake.

Chombo kingine ni "¿cómo así?", kama kusema kivipi. Wakolombia wanaitumia kila saa. Msee akisema kitu kizito na akasimama, wewe usimrukie na swali lako namba nane. Sema "¿cómo así?" na unyamaze. Na kama ni pwani, hata hiyo ni ndefu. "Ajá" peke yake inatosha. "Ajá" ya pwani ni salamu, ni swali, ni endelea, ni sikuamini, inategemea tu na venye umeipandisha. Wiki zangu za mwanzo nilikuwa nikiishi kwa "ajá" na tabasamu, na watu walikuwa wakidhani naelewa kila kitu.

Kuna kitu lazima niseme kuhusu doo, juu vijana wenye ndoto za dokumentari hawapendi kukibonga. Cartagena ya ndani, ile yenye kuta za mawe na balkoni za maua, utaona akina mama wa Palenque wamevaa magauni ya rangi za bendera, beseni la matunda kichwani. Ndio wako kwa kila kadi ya posta ya Kolombia. Kwa miaka mingi mama zao walikuwa wakitembeza matunda na pipi kwa hizo barabara kulisha familia. Siku hizi mtalii anataka picha tu, embe hataki. Basi picha ina bei. Nimeskia watalii wakinung'unika ati mambo yamekuwa biashara. Kwani ilikuwa nini? Mama amesimama kwa jua na beseni kichwani kutoka asubuhi. Hiyo ni kazi, na kazi inalipwa. Mtu wa Nairobi hafai kufunzwa hii. Kibera imepigwa picha na kila mgeni mwenye shati la kaki, na watoto wa huko wanajua kupanga sura ya huzuni kabla lenzi haijafunguliwa.

Wakolombia wenyewe walishamaliza huu mjadala kitambo, na kwa kejeli kali. Mwaka 1977 mabeshte wawili wa Cali, Luis Ospina na Carlos Mayolo, walifanya filamu fupi inaitwa *Agarrando pueblo*. Ni dokumentari feki. Kuna wasee wa kamera wanazunguka mjini wakitafuta umaskini wa kupelekea televisheni ya Ulaya: ombaomba hapa, kichaa pale, watoto waruke ndani ya maji ya chemchemi watupiwe sarafu. Wanaingia kwa nyumba mbovu ya mtu bila ruhusa, wanapanga waigizaji ndani wajifanye familia maskini. Mwenye nyumba anatokea, na anawafanyia kituko chenye sitakuharibia, ila jua tu filamu yao haibaki nzima. Hiyo tabia walikuwa wameibatiza "pornomiseria". Kila msee anataka kushika kamera, iwe Mathare ama Palenque, aitafute hiyo kitu aicheki kabla hajanunua hata kadi ya kumbukumbu. Na akimaliza atafute *Chircales* ya Marta Rodríguez na Jorge Silva, ya 1972, kuhusu familia ya wafyatua matofali huko Bogotá. Hao wawili walifuatana na hiyo familia miaka kama mitano. Sisi tulikuwa na visa ya muda mfupi, kwa hivyo sijilinganishi na mtu.

Usiku ndio shule yenyewe. Mchana unarekodi, usiku unanakili. Unaweka hedifoni, unaskiza sekunde tano, unasimamisha, unaandika. Unarudi nyuma. Unaskiza tena. Tulikuwa tumebeba programu ya kompyuta ya kunakili sauti, ile inajidai inajua Kispanishi, na kwa mahojiano ya Bogotá ilifanya poa tu. Kwa Palenque ilizirai. Mzee anabonga kuhusu ng'ombe wake, programu inaandika mambo ya benki. Basi tukaomba vijana wawili wa hapo watusaidie, tukakubaliana bei, na tukawa tunakaa nao kwa veranda mpaka usiku wa manane, kila mtu na sikio lake. Hakuna kitu kinakupea masikio haraka kama kunakili. Baada ya muda zile "s" zilizomezwa unaanza kuziskia zikikosekana, penye zilifaa kuwa. Unaskia kanafasi. Unaskia pumzi.

Kuna mahali tulikuwa tumeng'ang'ana na sentensi moja kutoka magharibi, hatuipati, mpaka mmoja wa hao vijana akaja akaskiza mara moja akacheka. Hicho sio Kispanishi, akasema. Mzee amehama. Watu wa Palenque wana lugha yao, palenquero, na mtu akichangamka ama akitaka kusema kitu cha ndani anavuka bila kukuambia, kama sisi tu tukihama kutoka Kiswahili kuingia Sheng kuingia lugha ya mama ndani ya sentensi moja. Maneno mengi ya palenquero yalitoka kwa Kispanishi, lakini imebeba Kikongo kutoka ng'ambo, na Kikongo na Kiswahili ni watu wa ukoo mmoja. Basi nikaskia "ngombe", na ilikuwa ng'ombe. Nikaskia "moná", mtoto, nikawaza mwana. Wakitaka wingi wanaweka "ma" mbele, ma ngombe, kama sisi na mawe na majina. Yule kijana akaniangalia nikiruka kwa kiti. Akauliza kwani kwenu mnasemaje. Nikamwambia. Akaandika kwa kitabu chake. Kutoka hapo ikawa mchezo kila usiku: analeta neno, naleta neno, na tukikosa kufanana tunaendelea tu. Mengi hayafanani, wacha nikwambie ukweli. Ukienda ukidhani utaelewana nao juu nyote ni Bantu utaaibika. Miaka 400 ni mingi.

Hiyo lugha ilikuwa karibu kuzikwa. Watu wa Palenque wakienda Cartagena kutafuta kazi walikuwa wakichekwa, wanaambiwa wanabonga Kispanishi kibovu, na wazazi wengi wakaamua watoi wasifunzwe kitu cha kuwaletea aibu. Ilirudishwa shuleni kwa nguvu ya walimu wa hapo hapo kijijini, kuanzia mwisho wa miaka ya 1980. Na siku hizi ngoma ndio inaibeba. Kuna kundi linaitwa Kombilesa Mi, yaani marafiki zangu, vijana wa Palenque wanachana kwa palenquero na Kispanishi juu ya ngoma za kupigwa na mkono. Niliwaskia nikakumbuka Kalamashaka wa Dandora miaka ya 1990, na venye walimu wetu walikuwa wakitulaumu ati Sheng ndio inatufelisha mtihani wa insha. Sikuwa na haja ya kuelezewa hiyo stori. Niliuliza tu: na mama zenu wanasemaje sasa? Wakacheka. Mama zao ndio wanasahihisha mashairi.

Kama uko na wakati, uliza pia kuhusu Pambelé. Antonio Cervantes, mtoto wa Palenque, alimpiga Alfonso Frazer huko Panama mwaka 1972 akawa bingwa wa kwanza wa dunia wa ndondi kutoka Kolombia. Kijijini wanasema stima ilifika juu yake: rais alimuuliza anataka nini, yeye akaomba taa kwa ajili ya kwao. Hiyo stori utaipata kwa matoleo kadhaa, kulingana na nani anamwaga bia.

Sasa ngoma. Cartagena na vijiji vya kando yake vina kitu kinaitwa picó, spika kubwa kama ukuta wa nyumba, zimepakwa rangi kali na jina kama nganya ya Umoinner. El Rey de Rocha ndio mfalme wa sai. Kuanzia miaka ya 1970 mabaharia na wauza santuri walianza kuleta rekodi za Afrika: soukous ya Kongo, highlife ya Ghana na Nigeria. Mwenye picó akipata santuri kali anabandua lebo yote, ndio mpinzani asijue ni ya nani, halafu anaipea jina lake mwenyewe. Wasee wakaanza kuimba zao wakifuatisha, na hapo ndio champeta ilizaliwa. Mabwanyenye wa mji waliidharau; hilo jina lenyewe lilikuwa tusi la watu wa chini, wale wa soko la Bazurto na visu vyao. Saa hii inapigwa kwa harusi za hao hao mabwanyenye.

Kulikuwa na dijei mzee aliskia kuna Waafrika wamefika. Hakutaka kuhojiwa. Alikuja na santuri zimefungwa kwa taulo, akatukalisha, akaweka ya kwanza, akauliza: hii inasema nini? Amecheza hiyo ngoma miaka yote, watu wameoana nayo, na hajawahi jua maneno. Ilikuwa Lingala. Nikamwambia silijui. Akaweka ingine. Lingala. Akaanza kunicheki vibaya. Nikajaribu kumwelezea kwa Kispanishi kwamba Nairobi pia sisi tunacheza rhumba kutoka enzi za wazazi wetu, kwa matatu, kwa baa, kwa harusi, Jumapili nzima redioni, na wengi wetu hatujui inasema nini. Alifikiria huo ujinga wetu wa pamoja, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaweka Mbilia Bel, *Nakei Nairobi*. Hiyo angalau niliweza: anaenda Nairobi, nikamwambia. Anaenda kwetu. "¿Y a qué?" akauliza. Kufanya nini? Ikabidi nitume ujumbe kwa beshte yangu wa Goma saa nane ya usiku kwa saa zao, na dijei hakuondoka mpaka jibu likarudi, nikalitafsiri mstari kwa mstari kwa Kispanishi na palenquero ya kuokoteza, kamera ikiwa imezimwa kitambo. Alikuwa akiandika kila kitu nyuma ya bahasha ya santuri.

Basi kama umeiva unataka kwenda: ubalozi wa Kolombia uko hapo Nairobi, waulize mambo ya visa mapema, usingoje tikiti. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi hupitia Istanbul ama Amsterdam. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Anza na wiki kadhaa Bogotá kama unaogopa zile "s" za kumezwa, halafu shuka. Cartagena, kutoka kituo cha basi, panda ya kuelekea Malagana, mwambie kondakta akushukishe njia panda ya Palenque, na hapo kuna bodaboda wamejipanga chini ya mti, wanaitwa mototaxi. Maliza bei kabla hujapanda. Dere atakuuliza unatoka wapi, na ukimwambia Kenya atazima pikipiki ndio aulize vizuri.